Je, wajua kwa nini mchanga unaofunikwa na maji hauna hati ya mtu?

Mtu akinunua kiwanja cha ufuoni Nyali au Diani, haikosi dalali wa kumwambia kwamba amenunua "mpaka baharini". Sheria haisemi hivyo. Kiwanja cha mtu hakivuki alama ya maji kujaa, na aghalabu huishia kabla ya hapo, upande wa nchi kavu. Eneo lote linalozama maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa ni la umma. Kenya imeliandika jambo hili ndani ya Katiba ya 2010: Kifungu cha 62 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa na serikali ya kitaifa kama amana ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba yao.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 533 mfalme Justinian wa dola ya Roma alitoa kitabu cha sheria kilichosema kwamba hewa, maji yatiririkayo, bahari, na kwa hiyo ufuo wa bahari, ni vya watu wote. Mpaka wa ufuo ulikuwa pale wimbi kubwa kabisa la majira ya baridi linapofika. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyekulia pwani: mvuvi anahitaji pa kuvuta mashua na pa kuanika nyavu, na bahari isiyofikika haimfai mtu.

Lakini neno lenye uzito zaidi hapo ni amana. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuiuza. Marekani ililijua hilo kwa kesi moja mashuhuri. Mwaka 1869 bunge la jimbo la Illinois liliipa kampuni ya reli ya Illinois Central zaidi ya ekari 1,000 za sakafu ya Ziwa Michigan, mbele ya jiji la Chicago. Mwaka 1873 bunge lilijuta na kufuta uamuzi huo. Kampuni ikadai kwamba ulichokwisha kutoa hukirudishi. Mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kujivua jukumu la kuwashikia wananchi maji na ardhi iliyo chini yake, kama isivyoweza kujivua jukumu la kulinda usalama. Kuanzia hapo serikali inaweza kukodisha sehemu ya ufuo kwa ajili ya gati au bandari, ila haiwezi kuligawa eneo zima kama kwamba ni mali yake. Mwaka 1971 mahakama ya California ilienda mbele zaidi: matumizi ya umma si uvuvi na vyombo peke yake, bali pia kuogelea, kupumzika, hata kuliacha eneo kama lilivyo kwa ajili ya ndege na samaki.

Sasa, alama hiyo ya maji kujaa hupimwaje, na bahari haitulii? Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa yanaweza kupanda na kushuka hata kwa karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Ukipima siku moja tu utampunja mtu. Nchini Marekani, kwa hukumu ya mwaka 1935, huchukuliwa wastani wa maji kujaa kwa miaka 18.6, kwa kuwa huo ndio muda ambao njia ya mwezi hukamilisha mzunguko wake wa kuyumba. Mpaka unaopatikana husogea pamoja na ufuo. Bahari ikila nchi kavu polepole, ardhi ya umma nayo husogea juu.

Ndiyo maana kuta za kuzuia mawimbi ni jambo zito kuliko zinavyoonekana. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu yake, na hukomba mchanga ulio mbele. Baada ya muda ufuo huwa mwembamba, na maji yakijaa hakuna tena pa kupita. Hakuna aliyenyang'anya kwa hati. Ardhi ya umma imebanwa kati ya saruji na bahari. Tanzania imejaribu kulizuia hilo mapema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, tatizo kubwa la pwani yetu si mpaka wa maji. Ni njia. Kina mama wanaoshuka mwambani na fimbo zao za kuchokolea pweza, wavuvi wanaohitaji kufika dikoni kabla ya maji kupwa, vijana wanaocheza mpira kwenye mchanga mgumu, wote wana haki kamili ya kuwa pale chini. Ila viwanja vimepangwa ubavu kwa ubavu, na uchochoro uliokuwa baina yake umetiwa geti au umejengewa ukuta. Malalamiko haya yamesikika Mombasa, Kwale na Kilifi kwa miaka mingi. Katiba imempa mwananchi ufuo, kisha ukuta ukamtaka azunguke kilomita nzima kuufikia. Naiona kuwa dhuluma, na inaumiza zaidi kwa sababu haina kelele.

California ilikabiliwa na hali hiyo hiyo huko Malibu, ambako matajiri walifunga njia zilizotengwa rasmi. Kwa miaka mingi tume ya pwani ililazimika kwenda mahakamani kwa kila geti. Mwaka 2014 ilipewa mamlaka ya kutoza faini moja kwa moja, na Desemba 2016 iliwatoza wenye nyumba moja zaidi ya dola milioni 4 kwa kuziba kijia chembamba kando ya jengo lao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliithibitisha faini hiyo.

Kwetu pa kuanzia ni ramani. Omba ramani ya upimaji ya eneo lenu kwenye ofisi ya ardhi, utafute ukanda mwembamba usio na nambari ya kiwanja, unaotoka barabarani hadi alama ya maji kujaa. Ukiuona kwenye karatasi na huuoni ukienda kwa miguu, hilo ndilo la kuandikia Tume ya Ardhi na serikali ya kaunti, ukiambatanisha nakala ya ramani na picha ya ukuta ulipo sasa.