Upasuaji Umefanywa, Chanzo cha Kifo Hakijabainika: Familia Ifanye Nini?

Kaka yetu wa miaka 24 alilala mzima, asubuhi tukamkuta amefariki. Ripoti ya upasuaji hapa Kisumu inasema chanzo cha kifo hakijabainika. Daktari anatuficha?

Poleni sana. La, hafichi. Yapo maradhi yanayoua bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho wala kwa hadubini. Mapigo ya moyo huendeshwa na umeme wa mwilini. Ukivurugika, mtu hufa kwa dakika chache, na moyo wake ukipasuliwa unakutwa hauna kasoro. Kifafa nacho huweza kuua usingizini: pengine ulimi umeumwa, pengine hata hilo halipo. Mimi namheshimu daktari anayeandika hivyo kuliko anayekisia “presha” ili familia iridhike.

Basi ndiyo mwisho?

Huenda bado. Uliza kama kuna sampuli zinazosubiri majibu. Damu, mkojo, kipande cha ini na vilivyokutwa tumboni hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Daktari huweza pia kuvuta majimaji ya ndani ya jicho kwa sindano nyembamba. Kipimo cha sukari kwenye damu ya maiti hakiaminiki, lakini sukari ikikutwa juu sana kwenye majimaji hayo, huenda marehemu alikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyekijua.

Mochari walitaka kumdunga dawa usiku uleule. Kuna ubaya?

Upo, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza ushahidi. Huku kwetu matanga husubiri jamaa watoke mbali, kwa hiyo formalini, dawa ya kuzuia maiti asioze, hudungwa haraka. Ikishaingia mwilini, pombe na baadhi ya sumu hazipimiki tena vizuri. Kifo kikiwa cha ghafla, pigeni ripoti polisi na mwombe maiti awekwe kwenye jokofu. Upasuaji kwanza, dawa baadaye. Joto nalo hufuta mengi: aliyeopolewa ziwani baada ya siku kadhaa huwa ameharibika, na kuzama maji kwenyewe hakuna alama moja ya kukithibitisha.

Watu wanamnyooshea kidole mke wake.

Ripoti hiyo haimshtaki mtu yeyote. Mwenye shaka ya kweli aipeleke polisi. Hakimu anaweza kufanya uchunguzi wa kifo mahakamani. Kumfukuza mjane kwenye boma kwa sababu ya ripoti isiyo na jibu ni dhuluma.

Na sisi ndugu zake?

Nendeni hospitali ya rufaa mpimwe umeme wa moyo. Hitilafu nyingi za aina hii hurithiwa, na mara nyingi kila mtoto wa mwenye tatizo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulipata. Mwelezeni daktari ni nani katika ukoo aliwahi kuzimia akikimbia au akishtuka, mtoto gani alikufa ghafla, na muogeleaji gani hodari alizama bila sababu. Bebeni dawa zote alizokuwa akitumia marehemu, na za mitishamba pia. Atakayekutwa na hitilafu huweza kupewa vidonge vya kutuliza mapigo, na wengine huwekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo unapokwenda mrama.