Mfadhili si lazima awe tajiri kutoka nje

Wengi wetu hapa Kampala tukisikia neno mfadhili, tunamwona mgeni mwenye fedha nyingi: amejenga, basi kila uamuzi ni wake. Dhana hiyo si sahihi, tena inatuumiza, kwa sababu inatufanya tukae tukimsubiri.

Panda kilima cha Kibuli. Ardhi ya msikiti uliopo pale ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, wa ukoo wa kifalme wa Buganda. Mwenyeji kabisa. Alifariki 1991, na hadi leo kilimani hapo watoto wanasoma na wagonjwa wanatibiwa.

Kuhusu mamlaka, Waislamu tuna kanuni ya wakfu, yaani mali iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya kheri, na wanazuoni wengi wanaieleza hivi: mwenye mali anaweza kuweka masharti ya matumizi mwanzoni, lakini ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala yeye mwenyewe hairudishi mfukoni. Wanaofaidi ni walengwa. Msimamizi ni mtunzaji tu.

Tazama pia msikiti mkubwa wa Old Kampala. Ujenzi ulianza enzi za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, mpaka Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, alipougharimia ukakamilika. Gaddafi aliuawa 2011. Bili za umeme na maji hazikufa naye. Mazulia yanachakaa, mabomba yanavuja. Muuza ndizi anayetumbukiza shilingi elfu moja sandukuni siku ya Ijumaa ni mfadhili wa msikiti ule, na anastahili kusomewa hesabu kama mfadhili mwingine yeyote.