Chenga au gesi? Ninavyosafisha picha za infraredi

Gesi asilia inayokuja Dar es Salaam kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004 karibu yote ni methani. Methani haina rangi wala harufu. Ile harufu unayoijua ya gesi ya mtungi hutiwa kwa makusudi ili mtu ashtuke. Kwa hiyo flanji, yaani kiungo cha mabomba, ikivuja taratibu, unaweza kusimama hatua tatu kutoka pale na usijue. Mimi naitafuta kwa kamera ya infraredi, yaani inayoona mionzi ya joto, na swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kazi hii ni hili: "Kaka, programu gani inatoa picha safi?" Kabla ya kujibu huwa nauliza, nyuma ya hiyo valvu palikuwa na nini?

Sababu ni hii. Methani hufyonza mionzi yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 3.3. Kamera ina chujio linalopitisha ukanda mwembamba tu hapo karibu, na kitambuzi, yaani kile kinachopokea mionzi, kilichopozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri ili joto la kamera yenyewe lisiifunike picha. Kinachoonekana ni mionzi ya kitu kilicho nyuma ya gesi, ikipungua au ikiongezeka. Gesi ikiwa baridi kuliko ukuta wa nyuma, utaona wingu jeusi. Ikiwa na joto zaidi, wingu jeupe. Vikilingana joto huoni kitu, hata kama gesi inatoka kwa wingi. Huku pwani jambo hili linatusumbua sana, hasa jua likizama au mvua ikishanyesha, maana ukuta, kokoto na hewa huwa vinakaribiana joto. Saa hiyo hakuna programu ya kukusaidia. Hama, tafuta pembe ambayo nyuma ya kiungo kuna bati lililopigwa na jua, au anga tupu.

Ukishapata mandhari nzuri, sasa njoo kwenye picha yenyewe. Kitambuzi cha biti 14 hutofautisha ngazi 16,384 za mionzi, lakini kioo kinaonyesha 256 tu. Ukiiachia kamera ijipangie yenyewe, na kwenye fremu kuna bomba la moto pembeni, labda itabana ngazi 8,000 kwenye zile 256. Hapo kila ngazi ya kioo inabeba zaidi ya ngazi 30 za kitambuzi. Gesi iliyobadilisha mionzi kwa ngazi 20 tu utaionaje? Kwa hiyo napanga kwa mkono: nalitoa lile bomba kwenye fremu, halafu nabana upeo uzunguke joto la ukuta peke yake. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo iliyonipatia vivujo vingi kuliko hila nyingine yoyote.

Kisha kuna kutoa fremu, yaani kuondoa picha moja kwenye nyingine. Ukuta hautembei, gesi inatembea. Ukiondoa picha ya nyuma, yaani ya ule ukuta uliotulia, kwenye picha ya sasa, kinachobaki ni kilichosogea. Ila chenga, vile vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha, za fremu zote mbili nazo zinajumlishana. Dawa yake ni kutengeneza picha ya nyuma kwa wastani wa fremu nyingi: fremu 16 hupunguza chenga zake hadi robo. Stendi ya miguu mitatu ni lazima, kwa sababu mkono ukitikisika kidogo kila ukingo wa bomba unawaka kama kivujo. Nyasi zinazopepea na mvuke wa maji navyo vitajitokeza, na hivyo lazima uvijue kwa macho.

Palipo hatari ni kusafisha kupita kiasi. Siku moja tulikuwa kwenye kituo cha kupunguzia presha, kusi inavuma. Nilikuwa nimeweka wastani wa fremu 20 hata kwenye picha ya sasa, na kioo kilikuwa kimetulia, hakuna chenga hata moja. Nikamwambia fundi niliyekuwa naye, mtu mzima aliyenitangulia sana kazini, "Mzee, hapa pako salama." Hakunijibu. Akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kwenye shina la valvu. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Nilifungua rekodi ghafi nikashusha wastani hadi fremu 2. Chenga zikarudi, na katikati yake ukaonekana uzi mweusi ukicheza kama moshi wa udi. Upepo ulikuwa unautawanya upesi mno, nami kwa kusaka picha safi nilikuwa nimeufuta pamoja na chenga. Tangu siku ile nahifadhi rekodi ghafi ya kila kiungo, na wastani mrefu naufanyia picha ya nyuma tu.

Kesho yake pakingi ya valvu, ile inayoziba kwenye shina, ilibadilishwa. Nikaweka stendi palepale, saa ileile, ukuta uleule nyuma. Mzee akapaka sabuni, nayo ikatulia bila povu. Kwenye kioo kulikuwa na chenga tupu.