Tanga na fedha za kupunguza gesijoto: mradi upi utafutiwe fedha zipi

Halmashauri inapojadili namna ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, swali linalotawala kikao huwa ni nani atakayetoa fedha. Kwa maoni yetu swali linalopaswa kutangulia ni kama mradi wenyewe, ukishakamilika, utaingiza kipato. Jibu lake ndilo linaloamua iwapo utafutiwe mkopo, ruzuku au mbia. Kuombea ruzuku mradi unaoweza kujilipa, au kutafutia mwekezaji mradi usio na senti ya kumrudishia, ni kupoteza miaka.

Katika mchango wake wa mwaka 2021, yaani ahadi ya kitaifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, Tanzania ilijiwekea lengo la kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote kuchukuliwa. Lengo hilo bado liko mbali na hali ambayo gesijoto inayotolewa haizidi ile inayofyonzwa na misitu na udongo. Aidha, katika mkoa ambao bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia, pale Chongoleani, haitakuwa kweli kumwambia mwananchi kwamba halmashauri peke yake inaweza kutufikisha huko. Uwezo wa halmashauri uko kwenye mambo ya karibu: taka, masoko, shule, majengo ya umma na matumizi ya ardhi.

Mfano wa kufaa tunao hapa hapa. Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilianza kuuza hatifungani ya kijani (hati ya mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira) ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilenga kukusanya shilingi bilioni 53.12, wawekezaji walijitokeza kuzidi lengo, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni kweli kwamba fedha hizo ni za kupanua huduma ya maji kuliko za kupunguza gesijoto moja kwa moja. Tunautaja mradi huu kwa sababu ya namna ulivyogharimiwa: ankara za wateja ndizo zinazolipa riba, kwa hiyo aliyenunua hatifungani anajua fedha yake itarudi kutoka wapi. Lakini maji hayo hutoka Mto Zigi, unaoanzia milima ya Usambara Mashariki na kuingia bwawa la Mabayani. Msitu ukifyekwa juu huko, tope hujaa bwawani, gharama za kusafisha maji hupanda, na uwezo wa kulipa deni hupungua. Ndiyo maana ushirikiano na wakulima wanaohifadhi bonde hilo, waliojiunga katika umoja wa UWAMAKIZI, hauwezi kuchukuliwa kama hisani. Ni sehemu ya dhamana ya mkopo, hata kama haikuandikwa hivyo.

Taka zina hesabu tofauti. Mabaki ya mboga na matunda kutoka soko la Mgandini, yakifukiwa dampo bila hewa, hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto takribani mara 28 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksidi. Ada ya taka pekee haitoshi kumvutia mkopeshaji mkubwa, ila kikundi cha vijana kinachotengeneza mboji kinaweza kuanza na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kwenye biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na misitu, tunashauri subira. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata fedha kubwa kwa kuhifadhi misitu yao, na kanuni za mwaka 2022 zimeweka utaratibu wa mgawanyo wa mapato hayo. Hata hivyo mikoko ya pwani yetu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo anayekuja ofisi ya mtaa na mkataba wa kununua kaboni ya mikoko aulizwe kwanza amezungumza na nani.

Ubia na mikopo mikubwa navyo vina masharti. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, haiiruhusu halmashauri kukopa bila kibali cha waziri, na mkopeshaji makini atasoma taarifa za Mkaguzi Mkuu, CAG, kabla ya kusoma andiko la mradi. Kwa mbia anayeleta vifaa, iwe taa za sola au majiko ya gesi kwa shule, kifungu cha kusomwa kwa makini ni kile cha matengenezo: nani atanunua betri ya pili, na kwa kasma ipi ya bajeti. Njia za baiskeli, ambazo Tanga inazihitaji kuliko miji mingi, ziko upande wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, hivyo maombi yake yapelekwe huko pamoja na kwa diwani.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai. Mapendekezo ya mkutano wa mtaa yakifika baada ya Baraza la Madiwani kupitisha bajeti, kwa kawaida husubiri mwaka unaofuata.