Ndege "kuvamia njia" si uvamizi

Wiki hii nimelisikia tena redioni: "uvamizi kwenye njia ya kurukia ndege." Jirani yangu akauliza kama ni majambazi. Hapana. Ni ndege, gari au mtu kuwa kimakosa kwenye eneo lililotengwa kwa ndege kuruka na kutua. Hata pasipogongana kitu, tukio limeshahesabiwa.

Kinachonikera ni hilo neno. Neno la Kiingereza, "incursion", lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kukimbilia ndani, na hutumika pia kwa majeshi yanayovuka mpaka. Tafsiri yetu imeelemea huko. Lakini kuvamia kuna nia. Anayevamia shamba anajua si lake. Rubani anayeingia njiani kimakosa mara nyingi anaamini ameruhusiwa.

Ndivyo ilivyokuwa Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024. Mwongoza ndege aliiambia ndege ya walinzi wa pwani kwamba ni namba moja, yaani ya kwanza kwenye foleni ya kuruka, isogee hadi mahali pa kusubiri. Rubani akaelewa ameruhusiwa kuingia. Ndege ya abiria ikatua ikaikuta humo. Kati ya watu 6 wa ndege ndogo walikufa 5. Wote 379 wa ile kubwa walitoka hai.

Ukiita huo uvamizi, utafikiria ukuta na askari. Uzio ungesaidia nini pale? Kinga yake ni rada ya ardhini, inayoonyesha ndege na magari yaliyo uwanjani, pamoja na mstari wa taa nyekundu unaomzuia rubani kabla ya kuingia njiani. Haneda mtambo ulitoa onyo kwenye skrini ya mnara wa waongoza ndege, lakini halikutambuliwa kwa wakati, na hizo taa nyekundu zilikuwa kwenye matengenezo. Ndiyo maana navutiwa na taa zilizofungwa kwenye baadhi ya viwanja vya Marekani: zinajiwasha zenyewe kama njia ina ndege, na rubani anaziona bila kusubiri mnara umwambie.

Na ndege ikipitiliza ikaishia kwenye nyasi, hiyo imeacha njia, kama tusemavyo gari limeacha njia. Dawa yake ni nyingine kabisa: zege jepesi mwishoni mwa njia, linalopondeka chini ya magurudumu na kuisimamisha ndege.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji, semeni "kuingia njiani kimakosa". Najua ni refu kidogo kusoma kwenye taarifa ya habari, ila halimwiti mwizi mtu aliyesikia vibaya.