Uhuru wa Nani? Mvutano Ndani ya Chama cha Libertarian cha Marekani

Mei 2016, mjini Orlando, waliokuwa wakiwania tiketi ya urais ya Chama cha Libertarian, chama kinachotetea uhuru wa mtu binafsi na serikali ndogo, waliulizwa kwenye mdahalo: je, serikali imlazimishe dereva kuwa na leseni? Baadhi walipinga katakata, wakashangiliwa. Gary Johnson, gavana wa zamani wa New Mexico, akasema angependa mtu athibitishe uwezo wake kabla ya kushika usukani. Ukumbi ukamzomea. Kesho yake wajumbe wakampitisha yeye, katika duru ya pili ya kura.

Wengi huona hapo kituko. Mimi naona watu wanaoamini kanuni moja, lakini hawajakubaliana inaishia wapi.

Chama hiki kilianzishwa Colorado mwaka 1971. Anayejiunga hutia saini tamko kwamba haungi mkono kuanzisha matumizi ya nguvu ili kufikia malengo ya kisiasa au ya kijamii. Nani atapinga hilo? Ugumu huanza ukiuliza kama kodi nayo ni nguvu. Mchumi Murray Rothbard alisema kodi ni wizi, na kwamba hata polisi na mahakama vinaweza kuendeshwa na soko. Robert Nozick, mwanafalsafa wa Harvard, alitetea dola ndogo yenye kazi ya kuzuia ukatili, wizi na ulaghai, na kusimamia mikataba. Zaidi ya hapo hapana. Friedrich Hayek, anayewekwa mara nyingi kundi moja nao, alikubali serikali imhakikishie asiyejiweza kiwango cha chini cha maisha. Mwaka 1974, mjini Dallas, pande mbili za chama, wasiotaka serikali kabisa na wanaotaka ndogo, zilikubaliana ilani isitamke kama serikali inapaswa kuwepo au la. Bila makubaliano hayo sidhani kama chama kingedumu.

Lakini mtihani mkubwa zaidi uko kwenye mali binafsi. Februari 1, 1960, wanafunzi 4 weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa, wakanyimwa. Duka lilikuwa mali ya watu, na mwenye mali, kwa hoja ya walibertari wengi (wafuasi wa fikra hii), ana uhuru wa kuchagua atakayemhudumia. Wanaongeza, na hapa wana haki, kwamba ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Marekani ulilindwa pia na sheria za majimbo, kwa hiyo serikali haikuwa mkombozi asiye na doa. Hata hivyo, katika miji mingine vijana walioketi hivyo walikamatwa na kushtakiwa kwa kuingia mahali pa watu bila ruhusa. Pingu zilikuwa za serikali, zikitumika kulinda chaguo la mwenye duka. Nguvu ilikuwepo tayari kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokataza ubaguzi huo mahali kama mikahawa na hoteli. Sheria ile ilibadilisha nguvu hiyo inamlinda nani. Hoja hii, kwa maoni yangu, walibertari wa msimamo mkali hawajaijibu vya kutosha. Kwenye mdahalo uleule wa Orlando, Johnson alizomewa pia kwa kusema angeiunga mkono sheria hiyo.

Utoaji mimba nao umewagawa. Mmoja anasema mwili ni wa mwanamke na serikali ikae mbali. Mwingine anasema aliye tumboni ni mtu, hivyo kumtoa ndiko kuanzisha nguvu. Wote wawili wametia saini tamko lilelile. Kwa miaka mingi ilani ilitaka serikali isiingilie. Mei 2022, mjini Reno, kundi la ndani ya chama linaloitwa Mises Caucus lilichukua uongozi na kipengele hicho kikafutwa.

Kwenye sanduku la kura Johnson alipata takriban kura milioni 4.5 mwaka 2016, kiasi cha asilimia 3.3, matokeo bora zaidi ya urais katika historia ya chama. Mwaka 2024 uongozi ulimkaribisha Donald Trump, mgombea wa chama kingine, ahutubie mkutano mkuu uliofanyika Washington. Aliomba kura zao, akazomewa. Wajumbe wakamteua Chase Oliver, aliyeambulia karibu asilimia 0.4 Novemba ile, huku baadhi ya matawi ya majimbo yakikataa kumuunga mkono.