Mbona aliyefaulu vizuri amekosa nafasi ya shahada ya uuguzi?

Kila majina ya waliochaguliwa yanapotangazwa, simu za ofisi ya udahili huwa hazinyamazi, na swali linalorudi kuliko yote ni moja: dunia inalia upungufu wa wauguzi, kijana wangu amefaulu sayansi, mbona mmemwacha? Ni swali la haki kabisa, na anayeliuliza anastahili jibu kamili, si kuambiwa tu kwamba nafasi zimejaa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuhusu hali ya uuguzi, lilieleza kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8 na bado ilipungukiwa na wengine milioni 5.8. Uhitaji upo, tena mkubwa. Lakini idadi ya wanafunzi tunaowapokea haitokani na ukubwa wa uhitaji huo, wala wingi wa viti katika ukumbi wa mihadhara. Inatoka wodini.

Uuguzi hausomwi darasani peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inataka mafunzo ya muuguzi wa huduma za jumla yawe na saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu yake ziwe za vitendo, mwanafunzi akiwa na wagonjwa. Nchi nyingine zina viwango vyake, ila msingi ni huo huo. Chukua darasa la wanafunzi 100 kwa hesabu hiyo: ni saa 230,000 za vitendo ambazo lazima zipatikane, kwenye wodi zenye wagonjwa halisi, ambako tayari kuna wauguzi wenye kazi zao na wanafunzi wa fani nyingine za afya. Kila kundi linahitaji msimamizi. Kanuni ikisema msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi 8, basi siku hao 100 wanapoingia wodini pamoja tunahitaji wasimamizi 13. Na leba haipanuki kwa sababu chuo kimeongeza madarasa. Mwanafunzi lazima amhudumie mama anayejifungua, na mama huyo ana haki ya kukataa kuzungukwa na kundi la wageni waliovaa sare.

Kwa hiyo kuratibu udahili huanza mapema sana, fomu zikiwa bado hazijafunguliwa, kwa kuziuliza hospitali tunazoshirikiana nazo: mwaka huu wodi ya watoto itapokea wangapi? Afya ya akili je? Zamu ya usiku je? Sehemu yenye uwezo mdogo kuliko zote ndiyo inayoamua. Wodi za upasuaji zikiweza kubeba 90 na leba ikaweza 60 hata baada ya kugawa zamu, basi tunadahili 60. Ukishalielewa hili, masharti mengine yanaanza kuonekana kwa sura nyingine, kwani karibu kila sharti linajibu swali moja: huyu akisimama kando ya kitanda cha mgonjwa, je, yeye na mgonjwa watakuwa salama?

Tuanze na masomo, maana hapa ndipo wengi wenye alama nzuri wanapoanguka bila kujua. Waombaji huangalia jumla ya alama zao, wakaiona ni kubwa, wakatulia. Shule za uuguzi huangalia somo moja moja. Biolojia, kemia, mara nyingi fizikia au hisabati, pamoja na lugha ya kufundishia, kila moja huwa na kiwango chake cha chini, na somo moja likiwa chini ya kiwango, mengine hayalifidii hata yawe ya juu namna gani. Nimewahi kusikia wazazi wakisema hisabati imewekwa ili kupunguza watu. Si kweli. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Hiyo ni miligramu 180. Chupa iliyopo wodini ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Muuguzi anatakiwa kupata mililita 7.5. Nukta ikisogea hatua moja tu, inakuwa mililita 75, yaani miligramu 1,800, kiasi kinachoweza kuliharibu ini la mtoto huyo. Hesabu ya namna hii hufanywa usiku, muuguzi akiwa amechoka, mtoto analia na mama yake amesimama pembeni. Hatuwezi kulegeza hapo.

Baada ya masomo zinakuja karatasi. Zinachosha kuzizungumzia, lakini zinawakatisha tamaa vijana wengi kuliko mtihani wenyewe. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha sekondari kina matatu, kitambulisho kimegeuza mpangilio na kuongeza herufi moja kwenye jina la ukoo. Mwenyewe anajua ni yeye. Anayehakiki hajui, na haruhusiwi kubahatisha, kwa sababu vyeti vya kughushi vipo na hatima yake ni mgonjwa kuhudumiwa na mtu ambaye hakusomea. Kama majina yako yanapishana, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Nenda mapema ukarekebishe kwenye mamlaka iliyotoa cheti, au pata hati ya kiapo inayotambulika kisheria, uiambatanishe. Halafu angalia unachokipakia. Kila msimu tunapokea picha zilizopigwa kwa simu kwenye mwanga hafifu, kidole kimefunika muhuri, kona yenye namba ya mtihani imekatwa. Maombi ya namna hiyo huwekwa kando yakisubiri marekebisho, na ujumbe wa kuomba marekebisho hutumwa kwa barua pepe.

Hapo kwenye barua pepe naomba tusimame kidogo. Waombaji wengi hujaziwa fomu na mtu mwingine, na mtu huyo huweka anwani yake mwenyewe ili mambo yaende haraka. Miezi miwili baadaye tunaandika kumtaka mwombaji alete hati iliyokosekana, au hata kumpa nafasi, na barua inaingia kwenye sanduku ambalo halifunguliwi. Siku za kuthibitisha zinapita, mfumo unamtoa, anapewa mwingine. Huyu hakukosa sifa, alikosa barua. Fungua anwani yako, andika nywila yako mahali salama, na uifungue kila siku tangu unapotuma maombi hadi siku ya kujisajili.

Kuhusu barua ya kujieleza, maoni yangu ni haya: ile sentensi ya kwamba tangu utotoni ulitamani kusaidia watu, iache. Haina ubaya, ila haimwambii msomaji chochote kukuhusu wewe, maana kila mwombaji ameiandika. Eleza jambo ulilolifanya. Kama ulimuuguza bibi aliyepooza, tueleze ulimgeuza vipi ili asipate vidonda vya mgongo, nani alikufundisha, na ni kitu gani kilikushinda. Kama hujawahi kumuuguza mtu, sema umefanya nini kinachoonyesha kwamba unaweza kuaminiwa na jukumu. Maelezo ya aina hiyo hata yakiwa na makosa ya kisarufi yana uzito kuliko kurasa mbili za maneno matamu yaliyonakiliwa, na anayezisoma barua hizi kila mwaka huzitambua zilizonakiliwa tangu aya ya kwanza.

Shule nyingine hufanya usaili. Baadhi hutumia mtindo ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo mwombaji hapitii jopo moja, bali huzunguka vituo kadhaa vifupi, kila kituo na msaili wake na swali lake. Faida yake ni kwamba ukivurunda kituo cha kwanza, msaili wa kituo cha tatu hana habari. Unaweza kuulizwa utafanya nini ukimwona mwenzako anajaza vipimo vya mgonjwa ambavyo hakuvichukua. Tunachotafuta ni kama unamwona mgonjwa kwanza, kama unaweza kusema ukweli bila kumdhalilisha mwenzako, na kama unajua wakati wa kumwita aliye juu yako. Majibu ya kukariri huonekana haraka, kwa sababu swali la nyongeza huyabomoa.

Sehemu inayohitaji muda mrefu kuliko zote ni afya, hasa chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mwanafunzi wa uuguzi atashika sindano zilizotumika, na ajali za kuchomwa hutokea hata kwa walio makini. Kwa mtu asiye na kinga, akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30 kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Chanjo inazuia hatari hiyo kubwa, lakini ratiba yake ya kawaida ina dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kisha, mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, hupimwa damu kuona kama kinga imejengeka. Piga hesabu. Anayeanza chanjo siku anapopokea barua ya udahili, wiki nane kabla ya masomo, atakuwa amepata dozi mbili tu muhula unapoanza, na anaweza kuzuiwa kuingia wodini wakati wenzake wanaenda. Ushauri wangu kwa kila kijana anayefikiria uuguzi ni kuanza kabla hata ya kujaza fomu. Chanjo hiyo itamfaa hata asipochaguliwa.

Fomu ya afya huwatia watu hofu, nao huficha. Mwenye pumu, kisukari au kifafa huandika kwamba hana tatizo lolote, akidhani akisema atakatwa. Lengo la fomu ni kujua unahitaji nini ili usome na kufanya kazi kwa usalama. Kuna wauguzi wanaovaa vifaa vya kusikia na kutumia stetoskopu zinazokuza sauti. Kuna wenye kisukari wanaofanya zamu za usiku kwa mpangilio mzuri wa chakula na dawa. Tukijua mapema tunaweza kupanga. Tukijua mwanafunzi akiwa ameanguka katikati ya wodi, tumeshachelewa.

Sasa turudi kwenye idadi, maana kuna jambo moja linalowachanganya watu: orodha ya kusubiri. Waombaji huomba vyuo kadhaa, kwa hiyo si wote tunaowapa nafasi watakuja. Chuo chenye nafasi 60 kinaweza kutuma barua 80, kikijua kwa uzoefu kwamba baadhi wataenda kwingine. Tukituma chache, wodi inabaki na nafasi tupu huku watu wanalia nje. Tukituma nyingi mno na wote wakaja, tunakuwa tumewapa wanafunzi 20 ahadi ambayo hospitali haiwezi kuitimiza, na hilo ni baya zaidi. Orodha ya kusubiri ndiyo inayotuwezesha kwenda kwa uangalifu. Kuwekwa humo si kukataliwa kwa adabu. Watu huitwa kutoka humo, wakati mwingine wiki moja kabla ya masomo, na anayejibu siku hiyo hiyo akiwa na hati zote mkononi ndiye anayeingia. Nawe uliyepata nafasi vyuo viwili, tafadhali kiachie kimoja mapema. Kuna mtu anayesubiri kiti hicho.

Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha jambo moja: kwamba programu unayoiomba ina vibali vyote. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alipofungua shule yake mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' jijini London, mafunzo yaliendeshwa hospitalini. Uuguzi uliingia chuo kikuu baadaye, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kikianzisha shule yake mwaka 1909. Leo shahada ya uuguzi inahitaji kukubaliwa na pande mbili: mamlaka inayosimamia vyuo vikuu, na baraza la wauguzi au chombo chochote kinachotoa leseni mahali unapotaka kufanya kazi. Programu ikikosa kibali cha baraza, utahitimu, utavaa joho, na hutaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Usiulize chuo peke yake. Liulize baraza lenyewe.

Matapeli nao hawakosekani. Hakuna mratibu anayeuza nafasi, na hakuna malipo halali yanayopitia akaunti au simu ya mtu binafsi. Anayekwambia anamfahamu mtu ndani, hata akikutajia jina la kweli la mfanyakazi, achana naye na toa taarifa chuoni.

Wavulana pia wanauliza kama kazi hii ni yao. Takriban asilimia 90 ya wauguzi duniani walikuwa wanawake kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, lakini hakuna sharti letu hata moja linalotaja jinsia. Jazeni fomu.

Na kwa aliyekosa mwaka huu: andika kwa adabu ukiomba kuelezwa sababu. Majibu hutolewa kwa mwombaji mwenyewe, kwa hiyo mzazi asishangae tukimwomba kijana apige simu. Kama ni somo moja, linaweza kurudiwa. Kama ulikidhi vigezo vyote na nafasi zikaisha, uliza kuhusu stashahada ya uuguzi, kwani vyuo vingi huwapokea wenye stashahada na leseni kuja kumalizia shahada kwa muda mfupi zaidi, nao huja wakiwa tayari wanaijua wodi. Kama zilikuwa karatasi, anza kuzirekebisha wiki hii, kabla foleni za msimu ujao hazijaanza. Na kama chanjo ya homa ya ini ulikuwa bado, mwaka huo mmoja unatosha kwa dozi zote tatu na kipimo cha damu.